Tutakimbilia Wapi Tusionekane?

Maneno yaliyosemwa mbele ya waumini na wapenda mageuzi wa Kisii na Nyamira

Mmetoka Manga na Kebirigo, Keroka na Ogembo, Marani na Suneka, na wengine mmetembea kwa miguu. Tuliombwa tunene juu ya mageuzi, na bila shaka baadhi yenu mlikuja mkitarajia hotuba ya siasa. Tutaifikia siasa, msiwe na wasiwasi. Lakini tumeona vyema tuanzie mbele ya Mungu, kwa kuwa taifa laweza kuibadili katiba yake mara kumi na bado mtu yuleyule mwovu akabaki amesimama nyuma ya pazia lilelile.

Iko Zaburi ambayo wengi wenu mnaijua kwa moyo, nayo ni ya 139. Mtunzi wake anajiuliza kama ipo pembe yoyote ya ulimwengu ambamo mwanadamu aweza kujitenga na Mungu, kisha anazipima pembe hizo moja baada ya nyingine: juu, chini, mashariki, ng'ambo ya bahari, na mwishowe gizani. Kila afikapo anakuta ametanguliwa. Lau angalikuwa mzaliwa wa milima hii yetu, tunadhani angaliupanda mteremko wa Manga alfajiri kabla ukungu haujaondoka. Angaliteremka hadi mto Gucha. Angalijichimbia Tabaka pamoja na wachimbaji wa jiwe la sabuni. Angalijipenyeza katikati ya michai ya Nyansiongo, ambako mtu akiinama haonekani. Hatimaye angalipanda basi la usiku kuelekea Nairobi. Tunalitaja basi la usiku makusudi, kwani wako watu wazima, wenye viti vyao vya mbele kanisani, wanaoishi kana kwamba wakishapita Narok Mungu wa Kisii hawafuati tena.

Basi tuseme waziwazi tangu mwanzo: anawafuata. Yuko Narok, na Nairobi alifika kabla ya reli.

Wazee wetu walikuwa na neno chinsoni, na katika nyumba nyingi lingali na nguvu. Chinsoni ni haya na heshima baina ya vizazi. Ni yale mambo ambayo mtu hathubutu kuyasema wala kuyatenda machoni pa baba yake au pa mama mkwe wake. Ubora wa chinsoni ni kwamba haikuhitaji askari wala hakimu. Mtu mwenyewe alijizuia. Tulio Wakristo tungefanya vyema kuliazima neno hili tunapofundisha watoto maana ya kuishi mbele za Mungu, maana kumcha Mungu kunafanana sana na kuishi siku zote machoni pa baba. Tofauti ni hii moja: baba wa duniani huenda sokoni, hulala, huzeeka macho yakaingia ukungu, na hatimaye huzikwa nyuma ya nyumba. Hapo mwana asiye na haya hupata nafasi yake. Kwa Mungu nafasi hiyo haipatikani.

Kulikuwako pia emuma, kiapo kile cha kutisha kilichotumiwa kukata kesi zilizowashinda wazee. Kiliogopwa kwa sababu kilisemekana humwandama mwongo na kumfikia popote alipokimbilia, na hata kuwapata wanawe. Hatutaki kubishana na wazee hapa. Twataka tu mwone kwamba wazo la nguvu isiyokimbilika si geni katika nchi hii, na kwamba lilipokuwa limeachwa peke yake lilikuwa wazo la hofu tupu. Emuma humwandama mtu ili imwangamize. Mungu wa Zaburi ile humwandama mtu ili amshike mkono. Ndiyo maana mtunzi, baada ya kutambua kwamba hana pa kukimbilia, hamwombi Mungu ageuze uso. Anamwomba amchunguze zaidi. Ni ombi la ajabu. Nani kati yetu angemwita mkaguzi wa hesabu arudi mara ya pili?

Twageukia sasa historia, kwa ufupi, kwa sababu wako vijana walioambiwa kwamba Mungu aliletwa Kisii na mzungu. Mwaka 1908, baada ya Otenyo kumchoma mkuki Geoffrey Northcote, aliyekuwa mkuu wa wilaya, majeshi ya Waingereza yaliteketeza nyumba za Abagusii na kuteka ng'ombe wao. Miaka mitatu tu baadaye, 1911, mapadre wa Mill Hill walifungua misheni Nyabururu, na Waadventista nao wakajenga Nyanchwa muda mfupi baada ya hapo. Injili, kwa maneno mengine, ilihubiriwa juu ya majivu ambayo hayajapoa. Mnamo Septemba 1914 Wajerumani walipouingia mji wa Kisii na Waingereza wakauacha kwa muda, misheni zote mbili ziliporwa. Wamisionari walihuzunika sana, na ni haki yao. Hata hivyo inafaa kuwaelewa waliopora. Walikuwa wameonyeshwa Mungu aliyekuja nyuma ya bunduki, na bunduki ilipoondoka walidhani naye amefunga mizigo.

Hakuwa amefunga mizigo. Alikuwako Engoro alipoitwa kwa jina hilo na mababu kabla ya msalaba wowote kusimikwa Nyabururu, na alikuwako Nyasae alipoanza kuitwa hivyo ndani ya makanisa. Majina ni ya kwetu, uwepo ni wake.

Sasa tuingie katika jambo lililotuleta pamoja.

Utawala wa chama kimoja nchini Kenya ulikuwa na dhambi nyingi, na wengi wamezihesabu: ardhi iliyonyakuliwa, mashirika ya umma yaliyofilisiwa, kura zilizoibwa. Dhambi moja haikuhesabiwa sana kwa sababu ni ya kiroho. Utawala ule ulijaribu kuwa kila mahali. Picha ya rais ilitundikwa katika kila duka, hata kibanda cha kuuzia chumvi na mafuta ya taa. Vijana wa Kanu walisimama sokoni na katika vituo vya magari wakidai kadi ya chama kama vile mlinzi wa lango la mbinguni adaivyo jina. Tawi Maalum la polisi lilikuwa na masikio hotelini, chuoni, ndani ya matatu, na ole wetu, mara nyingine hata kwenye viti vya kanisa. Baba aliogopa kunena mbele ya wanawe wasije wakayarudia maneno yake shuleni. Mtu alijifunza kugeuza shingo kabla ya kusema neno. Huku ni kuiba sifa iliyo ya Mungu peke yake. Serikali iliyojifanya ionayo yote ilikuwa sanamu, na sanamu, kama manabii walivyochoka kueleza, ina macho lakini haioni kilicho cha muhimu. Iliwaona wasomi wanne wakinywa na kuzungumza. Haikuwaona akina mama waliojifungulia njiani kwa kukosa zahanati.

Tunaposema wanne hatutungi hadithi. Julai 1990 George Anyona, mwana wa Kitutu, alikamatwa pamoja na Edward Oyugi, Ngotho Kariuki na Njeru Kathangu. Mwaka uliofuata walihukumiwa kifungo cha miaka saba kwa kosa la uchochezi, na mwanzoni mwa 1992 wakaachiliwa huru kwa dhamana. Haikuwa mara yake ya kwanza. Aliingia Bunge mwaka 1974. Alipouliza juu ya zabuni ya mabehewa ya reli mwaka 1977 akawekwa kizuizini. Akarudi kizuizini 1982, baada ya yeye na Jaramogi Oginga Odinga kuonyesha nia ya kuanzisha chama cha pili, na Juni mwaka huohuo Bunge likaingiza kifungu cha 2A katika katiba ili lisiwepo swali tena. Hatumtangazi kuwa mtakatifu. Alikuwa mgumu wa kushirikiana naye, na chama chake, Kenya Social Congress, kilipata kiti kimoja tu katika uchaguzi wa 1992, kile chake mwenyewe cha Kitutu Masaba. Lakini alijua jambo ambalo wakubwa waliomfunga hawakulijua, kwamba mlango wa chuma ukifungwa ndani hubaki watu zaidi ya mmoja.

Februari 2003, baada ya Kanu kushindwa, vyumba vya chini vya jumba la Nyayo, Nairobi, vilifunguliwa umma ukaviona. Ni vyumba vidogo, vyeusi, ambamo wafungwa waliwekwa uchi ndani ya maji kwa siku nyingi ili wakiri walilotakiwa kukiri. Wahusika walichimba kuzimu chini ya ofisi za serikali, wakaweka mlinzi mlangoni, wakaamini kwamba kinachofanyika mle hakina shahidi. Mtunzi wa Zaburi alikwishawajibu miaka elfu kadhaa kabla hawajazaliwa: hata kitanda kikitandikwa kuzimu, Mungu yuko huko. Wako walionusurika waliosema kwamba waliomba mle ndani kuliko walivyowahi kuomba kanisani. Twawaamini.

Tuje kwenye kura. Agosti 1986 Kanu ilipotangaza kwamba wapiga kura watajipanga mistari nyuma ya wagombea au picha zao, wachungaji wa makanisa yaliyomo katika Baraza la Taifa la Makanisa walikataa, wakisema mchungaji hawezi kusimama hadharani nyuma ya mmoja na kuwachunga wote. Mwaka 1988 mlolongo ukatumika hata hivyo, na nchi nzima ikashuhudia mistari mirefu ikitangazwa kuwa mifupi mchana kweupe. Desemba 1990 Kanu iliuacha mlolongo, Desemba 1991 kifungu cha 2A kikafutwa, na tarehe 29 Desemba 1992 wananchi wakaingia tena katika chumba cha siri wakiwa na vyama vya kuchagua.

Tulipigania siri hiyo, na tulifanya haki. Katika siri ile chifu hakuoni, mwajiri hakuoni, wala ndugu wa ukoo hajui uliweka alama wapi. Lakini siri mbele ya binadamu haijawahi kuwa siri mbele ya Mungu, na hapo ndipo Mkristo hujaribiwa kuliko alivyojaribiwa kwenye mlolongo. Mlolongoni aliogopa watu. Nyuma ya pazia hana wa kumwogopa, basi inaonekana nini hasa kilichomo moyoni mwake. Je, ni kilo ya sukari aliyopewa jana jioni? Ni noti iliyokunjwa ndani ya kiganja wakati wa kupeana mikono? Ni jina la ukoo? Wako waumini wasiokula kisichokubalika, wasioigusa kazi siku ya Sabato tangu jua la Ijumaa lishuke, na hilo twaliheshimu kwa dhati. Lakini baadhi yao hao hao huuza kura bila kuona haya na kurudi nyumbani wakiimba. Sabato ni ya Bwana. Jumanne ya uchaguzi nayo ni ya nani?

Hapa ndipo tunapolazimika kutofautisha Mkristo na mwanafunzi. Katika Agano Jipya zima neno Mkristo limetumika mara tatu tu, ilhali neno mwanafunzi linarudiwa mara zaidi ya 250. Bwana hakuwaita watu wawe na dini fulani itakayoandikwa katika cheti cha ubatizo. Alimkuta Lawi kwenye meza ya ushuru, pale pale penye makosa yake, akamwambia amfuate, na Lawi akainuka akaiacha meza. Zakayo alishuka mtini akahesabu waliodhulumiwa ili awalipe mara nne. Hakuna kati yao aliyesema moyo wake umebadilika huku mkono ukibaki mfukoni mwa jirani. Bwana mwenyewe aliwaonya waliomfuata kwa wingi wakaye chini kwanza wapige hesabu, kama ajengaye mnara, wasije wakaishiwa katikati.

Hesabu hiyo wako walioipiga. Nchini Ujerumani mchungaji Dietrich Bonhoeffer, aliyetoa kitabu juu ya gharama ya kumfuata Kristo mwaka 1937, alikuwa salama Marekani mwaka 1939 na akachagua kurudi kwao chini ya Hitler. Alinyongwa Aprili 1945. Jirani zetu Uganda walimpoteza Askofu Mkuu Janani Luwum, aliyeuawa Februari 1977 baada ya maaskofu kumwandikia Idi Amin kumlalamikia mauaji. Na hapa Kenya, Agosti 1990, Askofu Alexander Muge wa Eldoret aliambiwa hadharani na waziri kwamba akikanyaga Busia huenda asitoke hai. Alikwenda, akahubiri, na siku hiyohiyo, tarehe 14, akafa barabarani akirudi. Ilisemwa ni ajali, na wengi hawakuridhika hadi leo. Mwaka uleule ulikuwa umefunguliwa na mahubiri ya Mchungaji Timothy Njoya, ya tarehe 1 Januari, aliyewauliza watawala wa Afrika yale yaliyoanguka Ulaya Mashariki yatawakosaje wao. Njoya alipigwa na polisi ndani ya kanisa kuu la All Saints tarehe 7 Julai 1997. Watu hawa hawakuwa na moyo wa chuma. Walikuwa wameamini tu kwamba Busia na madhabahuni Mungu ni yule yule.

Tungeweza kukomea hapo, na mngepiga makofi, kwa kuwa sote twapenda kusikia habari za watu mashujaa wa mbali. Lakini tumetumwa Kisii na Nyamira, na tusiponena juu ya jambo linalofanyika Kisii na Nyamira tutakuwa tumekula chakula chenu bure.

Tunanena juu ya kuchomwa kwa wazee wetu.

Uhuru wa vyama vingi ulipoingia, mwaka 1992 na ile iliyofuata, likainuka hapa kwetu wimbi la kuwasaka wale walioitwa abarogi. Justus Ogembo, msomi, ameandika kitabu kizima juu ya msako huo, kilichochapishwa 2006, na anayetaka maelezo marefu akisome. Kwa ufupi, vijana walikusanyika usiku, wakaenda na majina, wakaziba milango, wakawasha nyasi za paa. Wimbi lilipungua, halikukoma. Mei 2008 watu 11, wengi wao wanawake wakongwe, waliteketezwa katika iliyokuwa Wilaya ya Kisii ya Kati. Oktoba 2021 wanawake wanne wazee waliuawa kwa njia hiyohiyo Marani. Hizi ndizo zilizofika magazetini.

Hatutaingia katika ubishi kama uchawi upo. Wako kati yenu wanaouogopa kweli kweli, waliopoteza mtoto bila kujua alipoteaje, na hofu hiyo haiondolewi kwa kuchekwa. Tena serikali ya kikoloni ilitunga sheria yake ya uchawi mwaka 1925, na haikumaliza hofu hata nyumba moja. Swali letu ni jingine: katika umati ule wa usiku, Mungu alikuwa wapi?

Wenye kiberiti waliamini giza linawatosha. Ndiyo sababu kazi hii hufanywa usiku. Kila mtu katika umati hujificha nyuma ya mwenzake, na asubuhi polisi wakiuliza, kijiji kizima hakikuona kitu. Hakuna aliyeona, hakuna aliyesikia, wote walikuwa wamelala usingizi mzito huku paa la jirani likilia. Lakini usiku haumfumbi Mungu macho. Aliyemwuliza Kaini habari za nduguye hakuhitaji shahidi wa kijijini. Na liko jambo kubwa kuliko hilo. Bwana Yesu, alipoielezea siku ya hukumu, alisema kwamba atendewalo aliye mdogo kabisa hutendewa yeye. Maana yake hakuwa anatazama tu kutoka juu milimani Manga. Alikuwa ndani ya nyumba. Alikuwa upande ule wa mlango uliofungwa kwa nje.

Mtu akilielewa hili, maneno kama "Mungu yuko kila mahali" hayabaki tena kuwa jibu la swali la katekisimu.

Na tuseme kuhusu ardhi, kwa sababu kuna ambao moto wao haukuwashwa na hofu hata kidogo. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 Kisii na 605,576 Nyamira. Upande wa Kisii ni zaidi ya watu 900 kwa kila kilomita mraba. Shamba ambalo babu alilima kwa jembe siku nzima bila kufika mpaka, leo limekatwa vipande ambavyo mwana mmoja hukanyaga chote kwa hatua arobaini. Mjane mzee ameketi juu ya kipande chake, ana migomba michache na michai iliyozeeka, wanawe wako mjini au wamekufa. Jirani au mjukuu anakitazama kipande kile. Kisha mtoto wa mtu anaugua, na jina la mjane linaanza kutajwa kisimani. Hatusemi kila kesi iko hivyo. Tunasema mwulize kila mara nani aliyelima shamba la marehemu msimu uliofuata. Polisi wachache huuliza swali hili, na wazee wa kijiji karibu hawaulizi kabisa. Mungu amekwisha liuliza.

Ona pia jinsi jambo hili linavyofanana na lile la Tawi Maalum. Umma uliolia kwa miaka kwamba watu wanakamatwa usiku bila mashtaka, wanahukumiwa bila wakili, majina yao yakiandikwa na watu wasiojulikana, umma huohuo unawafanyia wakongwe wake yaleyale. Orodha ya usiku ni orodha ya usiku, iwe imeandikwa Nairobi au nyuma ya shule ya msingi. Mageuzi yaliyomwondoa dikteta Ikulu yakamwacha kwenye njia ya kisimani hayajafika Gusii.

Hali kadhalika kwa jirani zetu wa mpakani. Kuanzia mwishoni mwa 1991 na mwaka 1992, na tena baada ya uchaguzi wa 2007, nyumba zilichomwa na watu wakafa kwenye mpaka wetu na Wakipsigis, upande wa Borabu na Sotik. Tume ya Jaji Akiwumi ilikusanya ushahidi wa mapigano ya kwanza na kukabidhi ripoti mwaka 1999, na inajulikana kwamba viongozi wa kisiasa walikuwa na mikono yao humo. Lakini mikono iliyoshika kiberiti ilikuwa ya watu wa kawaida, na pande zote mbili za mpaka kulikuwa na Biblia juu ya meza. Mungu hakuwa na upande wa mto.

Basi mwanafunzi afanye nini? Wengine watasema, tuombe. Naam, tuombe, na tumekuwa tukiomba tangu asubuhi. Lakini Lawi aliinuka. Sisi tunaoandaa mikutano hii tumepatana jambo dogo, dogo kiasi kwamba wenye kutaka mambo makubwa watalidharau. Katika kila mtaa ambamo jina la mzee limeanza kunong'onwa, wanaume wawili na wanawake wawili wa makanisa tofauti, Mkatoliki na Mwadventista, Mlutheri na Mpentekoste, waende wakalale katika boma lake. Wasiende na panga. Waende na taa, na chai, na majina yao yajulikane kijijini kabla jua halijatua, ili umati ukija usiwe umati usio na macho mbele yake. Ipo hatari, hatutawaficha. Mpige hesabu kwanza, kama Bwana alivyoagiza. Mwenye watoto wadogo azungumze na mwenzake nyumbani kabla ya kuahidi. Chifu na kituo cha polisi watajulishwa kwa barua, na nakala itabaki kwetu ili baadaye wasiseme hawakujua.

Kuna mama mmoja kutoka upande wa Marani aliyetuuliza asubuhi, nje ya mlango huu, kama jambo hili litafanyika msimu wa mvua pia, wakati njia zina utelezi na watu hawapendi kutoka. Tulimjibu kwamba ndiyo, hasa msimu wa mvua.

Daftari liko juu ya meza ile karibu na mlango wa kushoto, na kalamu mbili. Andikeni jina, mtaa, kanisa, na siku za juma ambazo mnaweza. Kutoka Nyamira tumepata majina kumi na moja tangu asubuhi. Upande wa Bobasi bado. Wazee wa mstari wa mbele wameomba nafasi waseme, nasi tunawaachia sasa.